Sijasema Basi

Leo ni siku ya tano sijanywa kahawa nikatosheka. Si kwamba kahawa imekosekana. Bahla, huku Oman, kahawa haikosekani. Ukipita mlangoni kwa mtu asubuhi huna salama mpaka uingie. Taabu ni mkono wangu wa kulia. Kwa msomaji ambaye hajafika huku, mila ni kwamba mwenye dele hukusimamia na kukumiminia finjani baada ya finjani, tende ziko mbele yako, wala haachi mpaka mwenyewe uitikise finjani kidogo, kulia na kushoto, kuwa basi, ahsante, nimetosheka. Sasa mimi tangu Ijumaa mkono unatetema wenyewe. Napokea finjani ya kwanza, sijaifikisha mdomoni, nayo inatikisika kama ina homa. Kijana mwenye dele, kwa adabu zake zote, anaipokea na huyoo, keshakwenda kwa mwingine. Nabaki namtazama kisogo. Siwezi kumwita nikamwambia, mwanangu rudi, sijasema basi, huu ni ugonjwa. Nikisema ugonjwa nitaulizwa ugonjwa gani, na nikiulizwa itanibidi niseme kuwa mtu mzima wa miaka 68 nimevuka mpaka wa nchi, pasi mkononi, kwenda kupigwa teke na bastola.

Nitaisema hapa kwenye safu, kwa kuwa wenzangu wa Bahla wengi Kiswahili hawakisomi.

Kila kitu kilianzia sabla. Sabla kwetu Unguja ni baraza, ila hii ina paa, kiyoyozi na mazulia, na wanaume wa ukoo hukutana humo baada ya Alasiri kuzungumza mambo wasiyoyajua. Yetu iko ndani ya ule ukuta wa udongo unaouzunguka mji, wenye urefu wa kilomita 12 hivi, na ukitoka mlangoni tu unaiona ngome inakutazama. UNESCO iliitia ngome hiyo katika urithi wa dunia mwaka 1987, mwaka uliofuata ikaitia katika orodha ya zilizo hatarini, nayo ikakaa humo mpaka 2004. Mimi nimeingia hatarini Ijumaa iliyopita na hakuna aliyeniorodhesha.

Ukutani mwa sabla inaning'inia bunduki ya marehemu ami yangu, Martini-Henry, ile ambayo jeshi la Uingereza lilianza kuitumia mwaka 1871. Kitako kimevishwa fedha, mshipi wake wa ngozi umekauka kama papa. Hupiga risasi moja tu, kisha unavuta wenzo ulio chini, ganda linatoka, unatia nyingine kwa mkono wako na dua zako. Jinsi ilivyofika Bahla ni hadithi inayosimuliwa kila Id, na kila Id inaongezeka. Sehemu isiyoongezeka ni hii: mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, yakakubaliana kuzuia silaha kuingia sehemu kubwa ya Afrika, mwambao wetu ukiwemo. Wafanyabiashara hawakukaa wakalia. Walihamishia mali Maskati, na mji ukawa soko kubwa la bunduki. Zilivushwa bahari kwenda Makrani, na kutoka huko zikafika mpakani mwa India, ambako Waingereza walijikuta wakipigwa kwa bunduki za kwao wenyewe. Hapo ndipo walipoona kuwa biashara ya silaha ni haramu. Wakambana Sultani wa Maskati, Sayyid Faisal bin Turki, na mwaka 1912 likafunguliwa ghala moja Maskati: kila bunduki iingie humo, na isitoke ila kwa karatasi. Watu wa bara ya Oman hawakupendezwa hata kidogo. Mwaka 1913 Imamu Salim bin Rashid al-Kharusi alichaguliwa pale Tanuf, si mbali na hapa, na ghala lile lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatia watu hasira. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa huku kwetu Dakhiliya kuwa silaha inataka kibali, ujue umegusa kidonda cha zaidi ya miaka mia. Vibali siku hizi wanavyo; Martini ya ami ina karatasi zake za polisi, na kupiga risasi hewani arusini ni kosa linalomfikisha bwana arusi pahala asipopatarajia. Lakini kidonda kipo.

Sisi tuliotoka Unguja kidonda chetu ni kingine. Baba yangu, tangu usiku ule wa mapinduzi, Januari 1964, ghala la polisi la Ziwani lilipovunjwa, hakutaka kuisikia bunduki hata katika ngano za watoto. Tulipohamia huku miaka ya sabini, kila akikaribishwa sabla alichagua pahala pa kuipa mgongo ile Martini. Hakuna aliyemwuliza. Alipokufa nilirithi pahala pake, pembeni mwa mto wa kuegemea. Miaka yote hiyo nimeipa bunduki mgongo, na nilikuwa mzima, nakunywa finjani tano.

Sasa mpwa wangu. Huyu ni mtoto wa dada yangu, ana miaka thelathini na simu tatu. Alasiri moja akatutolea moja ya simu zake tuone bastola inayoitwa Desert Eagle. Nzito, karibu kilo 2, unene wa risasi yake nusu inchi kamili, yaani milimita 12.7. "Jouli 2,000 hizo, mjomba," akaniambia, kama mtu anayeuza shamba. "Mara nne ya bastola za kawaida." Kwenye kioo tukamwona bwana mmoja wa Kimarekani, kifua kama mlango wa ngome, anaivuta triga, na mikono yake yote miwili inaruka juu ya kichwa kama mtu anayeomba mvua.

Nikasema, "Hiyo mimi naipiga kwa mkono mmoja."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Bahla, kama ujuavyo, ina sifa ya majini. Mpaka leo mgeni akitoka Maskati huuliza kama ni kweli ule mti wa sokoni ulifungwa mnyororo majini wasiruke nao. Kwa hiyo mimi nasema lilikuwa ni jini. Bibi yangu anasema lilikuwa ni domo.

Kufumba na kufumbua sabla nzima ikageuka chuo cha bastola. Siku hiyo nilijua kuwa penye wanaume tisa pana mabingwa tisa wa silaha, na waliopata kuigusa ni mmoja na nusu. Mmoja ni shemeji yangu, aliyekuwa jeshini wakati wa vita vya Dhofar. Nusu ni jirani aliyewahi kulinda benki, ila bastola alikuwa nayo mwenziwe.

"Browning," shemeji akasema, na akalisema kama mtu anayetia muhuri. "Milimita 9, risasi 13 kwenye magazini. Miaka miwili niliiona kiunoni mwa afisa wangu wa Kiingereza."

"Uliipiga?"

"Nimesema niliiona."

Yule wa benki akamkata. Kwake yeye bastola ni moja tu duniani, ile ya Kimarekani ya .45, M1911, risasi saba, nene kama kidole gumba. Wamarekani, akasema, walikuwa wakipigana na Wamoro huko Ufilipino, vibastola vyao vya .38 mtu anapigwa navyo na bado anakuja na panga lake, ndipo wakataka kitu kizito. Jeshi lao likaishika mwaka 1911 na halikuiacha mpaka 1985. "Miaka sabini na nne! Walikuwa wajinga?"

Mpwa wangu akawacheka wote wawili, makumbusho nyie, siku hizi watu wanatumia Glock, ina plastiki mwili mzima isipokuwa pale penye kazi, na risasi 17. Shemeji akataka kujua huyo Glock ni nani. Kijana, kwa kuwa simu anazo tatu, akasoma: Gaston Glock, Mwaustria, kabla ya bastola yake ya kwanza kuchukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982 hajapata kutengeneza bastola maishani mwake. Alikuwa na karakana ya fimbo za mapazia, na visu.

"Basi hiyo ni bastola ya fundi mapazia," shemeji akasema, na akainua finjani yake, haitetemi hata chembe.

Walizozana toka Alasiri mpaka adhana ya Isha. Mmoja anaitukana bastola ya mwenziwe, mwenziwe anaitukana ya huyu. Usiku, usingizi umekataa, nikaingia kwenye simu yangu moja na nikakuta kichekesho. Bastola mbili walizogombania wazee wale, zote zimetoka kichwani mwa mtu mmoja, John Browning, mtu wa Utah. Ile ya .45 aliimaliza mwenyewe. Ile ya shemeji aliianza, akafa mwaka 1926 huko Ubelgiji, na Dieudonné Saive akaimalizia, ikatoka 1935. Ni kama watu wawili wanatoana macho nani fundi bora wa mitungi ya Bahla, na mitungi yote miwili imetoka tanuri moja. Na lililonikera zaidi: nguvu wanazogombania hazipitani. Risasi ya .45 ni nzito na mvivu, ya milimita 9 ni nyepesi na ina haraka zake, na ukipiga hesabu kila moja inatoka mtutuni na jouli 500 hivi. Wametukanana mpaka Isha kwa ajili ya sare.

Nilikuta na kisa cha FBI, ambacho ningekizingatia leo ningekuwa nakunywa kahawa. Mwaka 1986 huko Miami maafisa wao wawili waliuawa wakipambana na majambazi, na wakubwa wakaamua kuwa dawa ni bastola yenye nguvu zaidi. Wakachagua risasi ya milimita 10. Maafisa wakaipeleka uwanjani, wengi ikawashinda kwa teke lake. Wakaipunguza baruti. Mwisho wakaona, kama baruti yenyewe tumeipunguza, ganda refu lote hili la nini? Wakahamia risasi fupi zaidi, ile ya .40. Na miaka thelathini hivi baada ya Miami wakarudi kimyakimya kwenye milimita 9 waliyoikimbia. Wale ni watu wanaolipwa mshahara kupiga bastola! Mdomo ulichagua, kiganja kikakata rufaa, kesi ikaenda miaka thelathini. Mimi kiganja changu hakikupewa hata wakili.

Asubuhi nilimwuliza mpwa wangu ile Desert Eagle yake imetengenezwa wapi. Akasoma. Akanyamaza. Akasoma tena. Kampuni ya Minnesota, akasema kwa sauti ndogo, ndiyo yenye fikra. "Na kiwanda?" Kiwanda kilichoifanya kwa miaka mingi kilikuwa cha silaha za serikali ya Israel. Nikajua Mungu amenifungulia mlango wa kutokea. "Mwanangu," nikamwambia, "hiyo jangwa lake si jangwa letu. Mimi sitoi hata baisa moja." Nilidhani nimeokoka. Akasema, hakuna neno mjomba, utapiga nyingine. Al Ain, ng'ambo ya mpaka, kuna klabu, nimeshaweka nafasi, Ijumaa baada ya Sala.

Zaidi ya kilomita mia mbili, Ibri mpaka Hafit mpaka ng'ambo ya pili. Mke wa mpwa wangu alikuja pia, mwalimu wa skuli huko Nizwa, mtoto wa watu asiyesema sana. Nilidhani amekuja kutazama. Njia nzima mumewe ananifundisha, na mimi naitika, na moyoni naomba mpakani watukute na kasoro. Waliangalia pasi, wakatuambia safari njema. Siku unayotaka kuzuiwa huzuiwi.

Jina la klabu silitaji. Hawakunikosea kitu, ni mimi niliyewakosea. Mahali safi, baridi, pananukia mafuta na baruti. Taabu ya kwanza ilikuwa kilemba. Vile vizibo vya masikio ni vikubwa kama vifuu viwili vya nazi, haviingii juu ya kilemba, basi nikakivua, nikabaki na kofia. Havikukaa juu ya kofia pia, nikavua kofia. Watu wa ukoo wangu kipara changu wanakijua watatu. Pale walikiona watu wasiopungua ishirini, pamoja na miwani mikubwa ya plastiki. Nilifanana na nzi.

Desert Eagle hawakuwa nayo. Mpwa wangu aliinamisha kichwa kama aliyefiwa. Mwalimu wa klabu, kijana mrefu mweusi mwenye shati la kubana, akatuuliza kwa Kiingereza tunataka ipi, akatuwekea mezani mbili tatu. Mdomo wangu ukawahi: ile kubwa. Ile kubwa ilikuwa .45, M1911 ya yule jirani wa benki, chuma kitupu, kilo moja na zaidi. Mke wa mpwa wangu hakutaja jina wala namba. Alizishika moja baada ya moja, akazirudisha, akauliza, "Ipi inaenea mkononi mwangu?" Wakampa ya milimita 9, ya fundi mapazia. Mimi nikatabasamu, wallahi, tabasamu la huruma.

Nikanyoosha mkono mmoja. Mwalimu akanishika kiwiko: sheria ya klabu ni mikono miwili. Nilinung'unika kwa sauti ili mpwa wangu asikie, na sijapata kuipenda sheria kama ile.

Hapa nieleze maana ya nusu-otomatiki, kwani mimi nilielezwa na sikusikia, masikio yalikuwa yamezibwa. Ukivuta triga inatoka risasi moja. Nguvu ileile iliyoisukuma risasi mbele inairudisha nyuma sehemu yote ya juu ya bastola, inalitema ganda tupu pembeni, kisha springi inaisukuma mbele tena, ikipita inachota risasi nyingine na kuiingiza chumbani. Yote hayo ni chini ya kupepesa jicho. Yaani nusu ya kazi inafanya yenyewe. Nusu iliyobaki ni yako, na maumivu yote yamewekwa katika nusu hiyo.

Nikavuta.

Nilichosema ni "Mama wee!" Nilikisema kwa nguvu zilizopita vizibo vya watu wote. Karatasi yenye shabaha, mita kumi mbele yangu, ilibaki bikira. Risasi ilikula mguu wa fremu. Mwalimu akanigeukia, macho yamemtoka, na Kiingereza chote kimemdondoka.

"Ai! Mzee, kumbe unaongea Kiswahili! Pole sana. Shika hii mguu wa kuku na mikono mbili, usiogope."

Mkenya. Siku ile ile niliyopigwa na chuma, nikapigwa na *hii mguu*, tena *mikono mbili*. Nikamwambia, mwanangu, ni huu mguu, na mikono ni miwili. Akacheka, akasema, "Sawa mzee, miwili, lakini hiyo miwili ndio sijaiona bado." Sikuwa na jibu. Kwao bastola wanaiita mguu wa kuku kwa umbo lake. Mimi niliyoshika ilikuwa mguu wa punda.

Ya pili ilitoka, kisha bastola ikakwama, ganda limeng'ang'ania katikati kama mwiba wa samaki kooni. Nikafurahi, nikasema chombo kibovu hiki, twendeni zetu. Kumbe kibovu ni mimi. Akanieleza kuwa bastola ya namna hii hutegemea kiganja kisimame imara. Mkono ukilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na ile sehemu ya juu, na ile safari ya kwenda na kurudi haitimii. Bunduki ya ami haikujali mkono wa mtu uko vipi. Hii inataka mkono wenye msimamo, na msimamo wangu niliuacha sabla.

Ya tatu ndiyo iliyonila ngozi. Mara mbili alikuwa ameniondoa dole gumba la kushoto nyuma ya bastola, na mara mbili mimi nikalirudisha, kwa kuwa ndipo linapoona raha. Sehemu ya juu ikarudi kwa kasi yake, ikanichana kati ya gumba na kidole. Damu si nyingi. Aibu ndiyo nyingi.

Ya nne, jamani. Nimesema ganda hutemwa pembeni. Hutemwa likiwa la moto, na huruka litakako. Vijana wote pale wamevaa shati lililofungwa kooni. Mimi nimevaa kanzu ya Kiomani, wazi shingoni, na kile kishada chake kinaning'inia kama kinakaribisha wageni. Ganda likaja, likagonga ukuta wa ubao, likaingia kwa shingo, likateremka kifuani, tumboni, likakaa kwenye mkanda wa shuka ya ndani. Mkenya aliwahi kunishika mkono wa bastola, akaielekeza mbele na kuipokea, Mungu ampe umri. Mengine yaliyobaki ya mwili nilibaki nayo mimi. Waliopata kuona razha ya wazee wa Bahla siku ya Id, wanavyorusha upanga na kuruka nao, basi mimi niliicheza peke yangu, bila upanga, bila ngoma, nimeinua kanzu mpaka magotini, kipara kinang'aa. Mpwa wangu alikuwa anarekodi.

Mwalimu aliponirudishia bastola alikuwa ameichezea kidogo mgongo wangu ukiwa umegeuka. Akasema, vuta. Nikafumba macho, nikavuta. Tik. Hakuna risasi, alikuwa ameweka ya bandia. Lakini mikono yangu ilishuka chini nusu dhiraa na mabega yakapanda masikioni. Bastola haikulia, mimi nililia. "Umeona, mzee?" akasema. "Unaogopa kabla." Ndiyo maana risasi zote zilikwenda chini kushoto: mkono unaikimbia risasi ambayo bado haijatoka. Nimeishi miaka 68, nimeoa, nimehama nchi, nimestaafu, na hakuna aliyenieleza tabia yangu kwa ufupi namna ile.

Kushoto kwangu, mke wa mpwa wangu amesimama na abaya lake, anapiga. Pa. Ametulia. Pa. Hana haraka kama mtu anayesahihisha madaftari. Alipomaliza risasi kumi waliileta karatasi karibu: tundu tisa ungezifunika kwa sahani ya halua, na ya kumi imetoka nje kidogo, akaikunjia uso kama mwanafunzi aliyemwangusha. Mumewe akaanza kumweleza kuwa ya milimita 9 si kitu, teke lake dogo. Akamjibu taratibu kwamba Wadha Al-Balushi alikwenda Olimpiki ya Rio mwaka 2016 kuiwakilisha Oman kwa bastola ya upepo, kidonge cha milimita 4.5, na hakuna aliyemwambia arudi na kubwa. Mpwa wangu akakohoa. Akataka kujaribu .45 yeye. Akapiga mbili, akasema ameshatosheka, ameacha nyumbani mshumaa unawaka. Bahla umeme uko tangu zamani.

Njiani kurudi aliniuliza kama namjua Tippu Tip. Nikamwambia Hamed bin Muhammed el-Murjebi mimi namjua kabla babu yake hajazaliwa. Na mwenyewe ameeleza katika kitabu cha maisha yake kuwa jina hilo alipewa kwa mlio wa bunduki zake, tip tip. "Basi mjomba," akasema, "yeye aliitwa kwa mlio wa bunduki, wewe tukuite kwa mlio wako. Sheikh Mamawee." Mkewe akatazama dirishani. Mabega yalimcheza mpaka Ibri.

Ile video ameapa hatamwonyesha mtu. Nimemlipia petroli kwenda na kurudi, na nina wasiwasi itanilazimu nimlipie na Id.

Usiku ule, mkono umefungwa barafu ndani ya kitambaa, sikulala, na nikapiga hesabu nyingine. Risasi ya Martini-Henry ina uzito wa gramu 31. Inatoka kwa kasi ya zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Nikazidisha, nikagawa, nikarudia kwa kuwa sikuamini. Zaidi ya jouli 2,500. Bastola iliyotutoa roho kwenye simu, mara nne ya bastola za kawaida, haiifikii bunduki ya mwaka 1871 iliyo na buibui ndani ya mtutu na iliyokuwa mgongoni mwangu wakati naropoka. Tulikuwa tunatafuta nguvu Minnesota, nayo imetundikwa juu ya feni.

Sijamwambia mtu. Mpwa wangu akijua ataweka nafasi.

Jumamosi nilipoingia sabla nilikaa upande wa pili, uso kwa uso na Martini. Shemeji akauliza mbona nimehama. Nikasema kiyoyozi. Akanitazama mkono, akatazama bandeji, akasema hajapata kuona kiyoyozi kinachouma. Wakaendelea na mjadala wao. Sasa wamehamia kwenye magari. Dele likapita, nikapokea finjani, ikatikisika, ikaondoka.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya, ukija Bahla siku hizi mbili tatu ukakuta mzee pembeni, bandeji mkononi, ameshika finjani inayocheza kama mashua ya Unguja wakati wa kusi, na dele uko nalo wewe: usiipokee. Mimina.